Hedifoni za mamilioni: Sikio hupata nini cha ziada?

Na MWANDISHI WETU

KIJANA anayeteremka kutoka Nyanchwa kuelekea mjini Kisii asubuhi huwa na vitu viwili asivyoweza kuviacha nyumbani: simu na hedifoni. Katika vibanda vya mjini, vifaa hivi vya kusikilizia huuzwa kwa mia chache za shilingi, na mnunuzi hujiona amebahatika iwapo vitadumu miezi mitatu kabla ya upande mmoja kunyamaza.

Si rahisi basi kumshawishi kijana huyo kwamba kuna hedifoni ambayo bei yake inazidi Sh7 milioni. Hata hivyo, ipo. Inaitwa HE 1, na ilizinduliwa na kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani mwishoni mwa mwaka wa 2015 kwa bei ya takriban dola 55,000 za Marekani. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha Sh129 kwa dola, pesa hizo zingetosha kulipa karo ya mwaka mmoja ya wanafunzi zaidi ya 130, kwa kiwango cha Sh53,554 ambacho serikali iliwekea shule za kitaifa za mabweni.

Swali linalozuka ni hili: je, mtu anayelipa mamilioni kwa ajili ya masikio mawili anasikia kitu gani ambacho sisi wengine hatukisikii? Na je, jambo hilo lina maana yoyote kwa msikilizaji wa Kisii au Nyamira?

Ilikoanzia

Hedifoni haikuzaliwa kama kifaa cha starehe. Mnamo 1910, Mmarekani Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah aliwauzia wanamaji wa nchi yake vifaa vya kusikilizia mawasiliano ya redio, ambavyo alivitengenezea nyumbani kwake. Mwaka wa 1937, kampuni ya Beyer ya Ujerumani ilitoa DT 48, na mnamo 1958 John Koss wa Milwaukee, Marekani, akaleta hedifoni ya stirio iliyokusudiwa hasa kusikiliza muziki.

Kampuni ya Stax ya Japani ilifuata mnamo 1960 kwa hedifoni inayotumia umeme tuli, teknolojia ambayo hadi leo huheshimiwa sana na wapenzi wa sauti. Ndipo Sony, mnamo 1979, ikatoa Walkman, na tangu hapo kutembea na muziki masikioni kukawa jambo la kawaida duniani kote.

Wakati umma ulipokuwa ukifurahia vifaa vya bei nafuu, watengenezaji wachache walielekea upande mwingine. Mnamo 1989 Sony ilitoa MDR-R10, ambayo vikombe vyake vilichongwa kwa mbao za mti wa zelkova uliokuwa na umri wa karne mbili. Miaka miwili baadaye Sennheiser ikatoa Orpheus, iliyotengenezwa kwa idadi ya 300 pekee. Hiyo ndiyo mama ya HE 1 ya leo.

Namna zinavyofanya kazi

Hedifoni yoyote ina kazi moja: kugeuza umeme kuwa mtetemo wa hewa. Tofauti imo katika njia inayotumika.

Hedifoni nyingi, pamoja na zile za kibandani, zina koili ndogo ya waya iliyogandishwa kwenye kiwambo. Umeme ukipita katika koili, sumaku huisukuma na kuivuta, nacho kiwambo kikatikisa hewa. Njia hii ni rahisi na imara. Udhaifu wake ni kwamba kiwambo husukumwa kutoka sehemu moja tu, na sehemu zake nyingine zaweza kuyumba na kuongeza kelele isiyokuwamo katika wimbo.

Njia ya pili hutandaza waya kama mchoro juu ya utando mwembamba, ambao huwekwa mbele ya sumaku au katikati ya safu za sumaku. Hapa utando wote husukumwa kwa pamoja. Kasoro yake ni uzito, kwani sumaku nyingi humchosha msikilizaji shingo.

Njia ya tatu ndiyo ya umeme tuli. Utando mwembamba mno huwekwa kati ya mabamba mawili yenye matundu, kisha hupewa umeme wenye nguvu ya volti mia kadhaa. Utando wa HE 1 umepakwa madini ya platinamu na unene wake ni maikroni 2.4, yaani wembamba kuliko unywele wa binadamu kwa mara nyingi. Kwa kuwa hauna uzito wa kutajika, huanza na kusimama papo hapo muziki unapoamuru. Ndiyo maana wapenzi wa sauti hudai kwamba wanasikia pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, na kidole kikiachana na uzi wa gitaa.

Aidha, hedifoni ya namna hiyo haiwezi kuchomekwa kwenye simu. Huhitaji kikuza sauti chake maalumu. Kile cha HE 1 kina valvu nane za vioo zilizosimamishwa juu ya jiwe la marumaru kutoka Carrara, Italia, ambako Michelangelo alikuwa akipata mawe ya sanamu zake. Jiwe hilo zito husaidia kuzuia mitikisiko isizifikie valvu. Mkisii aliyezoea kuona mawe ya Tabaka yakigeuzwa vinyago na sahani hatashangaa kwamba jiwe lina kazi katika sanaa, ingawa huenda akashangazwa na bei.

Kinachowavuta wapenzi

Sababu za mvuto huo ni kadhaa. Ya kwanza ni sauti yenyewe. Spika za sebuleni hutegemea chumba: kuta, mabati na sakafu huirudisha sauti na kuichafua. Hedifoni humwondolea msikilizaji taabu hiyo, na kwa sababu hiyo mtu anayeishi katika chumba kimoja aweza kupata usikivu ambao kwa spika ungehitaji jumba.

Ya pili ni ufundi. HE 1 ina vijenzi zaidi ya 6,000, na kuna watu wanaoipenda kazi safi ya mikono kwa ajili yake yenyewe, sawa na wale wanaopenda saa za Uswisi. Ya tatu, ambayo wenyewe hawapendi kuitaja, ni fahari. Kitu ambacho wachache wanakimiliki humpa mwenyewe hadhi, hata kama kingekuwa kimya.

Wengine hueleza sababu ya nne, nayo ni utulivu. Mtu anayeketi saa nzima kusikiliza albamu moja bila kugusa simu amepata kitu adimu katika zama hizi. Lakini utulivu huo hauuzwi pamoja na hedifoni. Aliye na kifaa cha Sh500 anaweza kuupata vilevile akiamua.

Obokano na besi inayopotea

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya matajiri wa ng'ambo pekee. Abagusii wana ala inayoonyesha wazi umuhimu wa kifaa kizuri cha kusikilizia. Ala hiyo ni obokano, zeze kubwa lenye nyuzi nane ambalo wataalamu wa muziki wamelifananisha na besi kubwa ya okestra za Ulaya. Ingawa nyatiti ya Waluo nayo ina nyuzi nane, obokano huimba kwa sauti nzito zaidi, yenye mngurumo unaosikika kifuani kabla haujafika masikioni.

Sasa chukua rekodi ya obokano uicheze kwa spika ya simu. Mngurumo hutoweka. Spika ndogo kama hiyo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Kinachobaki ni mikwaruzo ya juu, na ubongo wa msikilizaji anayeijua ala hiyo hujaribu kulijaza pengo kwa kukisia. Mzee aliyewahi kuisikia obokano ikipigwa mbele yake hukamilisha picha kwa kumbukumbu. Mtoto aliyezaliwa katika zama za simu hana kumbukumbu hiyo. Kwake, obokano ni mkwaruzo tu, naye huipita na kutafuta wimbo mwingine.

Hapa ndipo hasara ya kweli ilipo. Miradi kama Singing Wells, ushirikiano wa Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya London, imekuwa ikienda vijijini kurekodi muziki wa kiasili wa Afrika Mashariki. Kazi hiyo ni ya thamani kwa kuwa wapigaji stadi huzeeka na kuondoka. Lakini rekodi bora ikichezwa kwa kifaa kisichoweza kuitoa besi yake, nusu ya urithi huishia njiani.

Habari njema ni kwamba tiba ya tatizo hilo haigharimu mamilioni. Hedifoni ya kawaida inayofunika sikio lote, iliyotengenezwa kwa uangalifu, hutoa sauti hizo nzito bila shida.

Bei si kipimo

Mwaka wa 2017, mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la chama cha wanasayansi wa sauti cha Marekani matokeo ya vipimo vya hedifoni 283 za aina na bei mbalimbali. Aliangalia jinsi kila moja inavyozitoa sauti nzito, za kati na nyembamba, kisha akalinganisha na bei yake dukani. Hakupata uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Hii haina maana kwamba hedifoni zote ni sawa. Zipo mbaya na zipo nzuri, ila bei pekee haikuelezi ipi ni ipi. Kupanda kutoka kifaa duni hadi kizuri huleta tofauti ambayo mtu yeyote ataisikia. Kupanda kutoka kizuri hadi cha kifahari huleta tofauti ndogo ambayo huhitaji sikio lililofunzwa, na wakati mwingine imani pia.

Chukua mfano wa takwimu ambazo watengenezaji hujivunia. HE 1 husemekana kutoa sauti hadi mitetemo 100,000 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya huishia takriban 20,000, na kadiri umri unavyosonga ndivyo kikomo hicho kinavyoshuka. Kwa hiyo tajiri wa miaka 60 hulipia sauti ambazo popo huenda wakazisikia, ilhali yeye hazisikii.

Isitoshe, hedifoni haiwezi kurudisha kilichotupwa. Diski ya CD hubeba takriban kilobiti 1,411 za muziki kwa sekunde. Wimbo uliobanwa kwa mfumo wa MP3 wa kilobiti 128 hubeba chini ya sehemu moja kwa kumi ya kiwango hicho. Ubanaji huchagua kwa werevu cha kuacha, ila wimbo ulionakiliwa kutoka simu moja hadi nyingine na kubanwa tena na tena hautaponywa na kifaa cha bei yoyote.

Sikio halina duka

Kuna jambo moja ambalo mwenye hedifoni ya mamilioni na mwenye ya Sh300 wanalingana. Chembe za sikio la ndani zinazopokea mitetemo zikifa, hazioti tena.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeonya kwamba zaidi ya vijana bilioni moja duniani wamo hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kutokana na mazoea mabaya ya usikilizaji. Kwa mujibu wa shirika hilo, mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila madhara. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu kwa wiki.

Hatari kubwa iko kwa anayesikiliza ndani ya matatu yenye kelele. Kifaa duni kisichozuia sauti za nje humlazimu kupandisha sauti ili kuushinda mngurumo wa injini na spika za gari. Kwa sababu hii, hedifoni inayoziba sikio vyema ni kinga kwa afya, na fedha kidogo za ziada kwa ajili hiyo si anasa.

La kuzingatia unaponunua

Mnunuzi afanye nini basi? Kwanza, aende dukani na wimbo anaoujua vyema, wenye sauti za watu na besi. Pili, alinganishe vifaa viwili kwa kiwango kimoja cha sauti. Sikio hudanganyika kwa urahisi: kinachopiga kwa nguvu zaidi huonekana bora hata kama si bora. Tatu, akiweza, amwombe mwenzake ambadilishie bila yeye kuona jina wala bei. Wengi waliofanya jaribio hili wameshangazwa na chaguo lao wenyewe.

Nne, ajihadhari na bidhaa ghushi. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa hizo tangu 2008, lakini nembo ya kampuni maarufu bado hubandikwa kwenye vifaa ambavyo kampuni hiyo haijawahi kuviona. Hedifoni ya jina kubwa inayouzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake ya kawaida yafaa ishukiwe.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wanaoinunua HE 1 hawakosei kupenda uzuri, na pesa ni zao. Lakini kwa aliye Nyanchwa, hedifoni iliyo bora ni ile itakayomwezesha kuisikia obokano kama babu yake alivyoisikia, na kumwachia masikio ya kuisikia tena atakapokuwa babu mwenyewe.