Homa ni Homa Tu? Utambuzi wa Influenza na Thamani ya Chanjo Yake Mtaani Kondele

Utangulizi

Katika mtaa wa Kondele, jijini Kisumu, neno "homa" limebebeshwa mzigo mkubwa. Mchuuzi wa sokoni anayepiga chafya na kupenga kamasi husema kuwa ana homa. Mwendeshaji wa bodaboda anayetetemeka kwa baridi ilhali mwili wake unachemka husema vivyo hivyo. Mama aliyempakata mtoto anayekohoa na kuhema kwa shida naye hulitumia neno lilo hilo. Watu hawa watatu huenda wanaugua maradhi matatu tofauti, na pengine mmoja wao yumo hatarini.

Makala haya yanadhamiria kufafanua maswali mawili: influenza hutambuliwaje, na je, chanjo yake ina faida? Hoja kuu ni kwamba maswali haya hayatenganishiki. Jamii isiyoutambua ugonjwa haiwezi kuipima thamani ya kinga yake.

Neno na Ugonjwa

Kamusi za Kiswahili hueleza homa kuwa hali ya mwili kupata joto kupita kiasi. Mafua nayo ni ugonjwa wa kutokwa na kamasi, kuziba pua na kupiga chafya. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, hata hivyo, homa imechukua nafasi ya mafua. Tofauti hii ilidhihirika mwaka wa 2009 ulipozuka ugonjwa ambao Wakenya wengi waliuita "homa ya nguruwe" ilhali majirani zao wa Tanzania waliuita "mafua ya nguruwe." Katika makala haya, mafua yatarejelea ugonjwa mwepesi wa kawaida, na influenza itarejelea ugonjwa unaosababishwa na virusi vyenye jina hilo, hususan vya aina ya A na B.

Mafua huja polepole na kwa kawaida hayamlazi mtu kitandani. Influenza huvamia kwa ghafla. Mtu huamka akiwa mzima, na kufikia jioni ana joto jingi, kikohozi kikavu, maumivu ya kichwa na ya misuli, na uchovu wa kumwangusha. Dalili hizi hujitokeza kati ya siku 1 na 4 baada ya kuambukizwa. Wengi hupona katika muda wa wiki moja hivi, ingawa kikohozi huweza kudumu zaidi. Wengine hupatwa na nimonia. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kila mwaka influenza ya msimu huwaua watu kati ya 290,000 na 650,000 kutokana na matatizo ya kupumua pekee. Ugonjwa wa namna hiyo haustahili kuambiwa "ni homa tu."

Influenza Katika Historia ya Kisumu

Kisumu si mgeni wa ugonjwa huu. Janga la mwaka wa 1918 liliingia nchini kupitia bandari ya Mombasa, na reli iliyokuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901 ikarahisisha safari ya maradhi kuelekea bara. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kuwa watu wapatao 150,000 walifariki katika eneo ambalo leo ni Kenya.

Miaka 91 baadaye, Kisumu ilirejea katika historia hiyo. Mnamo Juni 29, 2009, serikali ilitangaza kisa cha kwanza cha influenza mpya ya H1N1 nchini Kenya. Mgonjwa alikuwa kijana kutoka Uingereza, mmoja wa kundi la wanafunzi waliokuwa wamefika Kisumu. Ugonjwa huo ulithibitishwa maabarani, na wenzake wakatengwa hotelini ili wachunguzwe. Tukio hilo lina funzo. Kirusi kilitambuliwa upesi kwa sababu kilitafutwa. Mkazi wa Kondele mwenye dalili zilezile, lakini asiyekuwa na historia ya safari ya ng'ambo, angechukuliwa kuwa mgonjwa wa malaria.

Utambuzi wa Influenza

Kondele ndiko iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wangali wanaiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka wa 1969. Katika hospitali yoyote ya ukanda huu wa ziwa, mgonjwa mwenye joto jingi huzua swali la kwanza: je, ni malaria? Swali hilo ni la haki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba asilimia 19 ya watoto katika kanda ya ziwa walikuwa na vimelea vya malaria, ikilinganishwa na asilimia 6 katika nchi nzima.

Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuwa na vimelea hivyo bila kuugua kwa ajili yake. Kipimo cha malaria kinapothibitisha kuwapo kwa vimelea, kinaeleza kilichomo damuni tu. Hakikanushi kuwapo kwa influenza mapafuni. Mtoto huweza kupewa dawa ya malaria kwa haki kabisa, huku chanzo halisi cha kuhema kwake kikiachwa bila kuangaliwa.

Influenza hutambuliwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni dalili. Kwa ajili ya ufuatiliaji, Shirika la Afya Duniani hutumia kigezo cha joto la nyuzi 38 au zaidi pamoja na kikohozi, vilivyoanza katika siku 10 zilizopita. Kigezo hiki husaidia kuwabaini wanaostahili kupimwa. Hakithibitishi ugonjwa, kwa kuwa virusi vingine huleta dalili hizo hizo.

Njia ya pili ni kipimo cha haraka. Kijiti chenye pamba huingizwa puani, na jibu hupatikana katika muda wa dakika 15 hivi. Jibu likiwa ndiyo, aghalabu huwa la kuaminika. Likiwa la, haliaminiki sana, kwa sababu vipimo vingi vya aina hii hukosa kuwanasa wagonjwa wengi.

Njia ya tatu, iliyo bora zaidi, ni kipimo cha maabara cha PCR ambacho hutafuta chembe za urithi za kirusi chenyewe. Hiki huonyesha pia kama kirusi ni cha aina ya A au B. Ni ghali, na huhitaji mitambo na wataalamu. Hata hivyo, kazi ya namna hii imefanyika karibu na Kondele. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, yenye kituo chake Kisian, ilishirikiana kwa miaka mingi na shirika la CDC la Marekani kuchunguza maradhi ya kupumua huko Asembo, Siaya, na Kibera, Nairobi. Uchunguzi wa namna hiyo ndio uliobainisha kwamba influenza huwapata Wakenya mwaka mzima, na kwamba watoto wadogo huathirika mno.

Utambuzi una manufaa kwa mgonjwa pia. Viuavijasumu haviui virusi. Kuvimeza ovyo ni kupoteza pesa na kuvipa vijidudu vingine nafasi ya kuwa sugu. Dawa mahususi ya influenza, oseltamivir, hufaa zaidi ikianzwa katika saa 48 za kwanza. Aidha, mgonjwa yeyote anayehema kwa shida, anayechanganyikiwa au mtoto anayekataa kunyonya hapaswi kusubiri jibu la kipimo chochote. Apelekwe hospitalini mara moja.

Je, Chanjo Ina Faida?

Virusi vya influenza hubadilika daima. Kinga iliyopatikana mwaka jana huenda isikitambue kirusi cha mwaka huu, na ndiyo maana chanjo hutolewa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mchanganyiko wa chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia, na Septemba kwa zile za kusini.

Kisumu iko kusini kidogo tu mwa Ikweta, na mstari wenyewe hupita Maseno, mwendo mfupi kutoka mjini. Mkazi wake basi afuate kalenda ipi, ya kaskazini au ya kusini? Influenza isiyo na msimu mmoja huifanya ratiba ya chanjo kuwa ngumu.

Ubora wa chanjo nao una mipaka. Katika miaka ambapo chanjo inalingana vyema na virusi vilivyopo, hupunguza hatari ya kuugua kiasi cha kutafuta matibabu kwa asilimia 40 hadi 60. Anayetarajia kinga kamili atavunjika moyo. Hata hivyo, aliyechanjwa akiugua, uwezekano wa kuzidiwa hupungua. Dai kwamba sindano hiyo huleta influenza halina msingi, kwa kuwa virusi vilivyomo vimeuliwa. Maumivu ya mkono au joto dogo la siku moja au mbili ni ishara kwamba mwili unajijengea kinga. Kinga hiyo huchukua takriban wiki 2 kukamilika.

Wanaofaidika zaidi ni wajawazito, watoto wadogo, wazee, wahudumu wa afya, na wenye maradhi ya kudumu kama vile pumu, kisukari, selimundu na maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Kwa mjamzito faida ni maradufu. Mtoto wa chini ya miezi 6 hawezi kupewa chanjo hii, lakini hurithi kinga ya mamaye. Kwa kijana mwenye afya njema faida ipo, ila ni ndogo zaidi.

Mwaka wa 2016 jopo la kitaifa linaloishauri serikali kuhusu chanjo lilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe kila mwaka. Miaka iliyofuata haikuiona chanjo hii ikijiunga na ile ya surua au polio katika ratiba ya kawaida ya kliniki. Wapo wanaohoji kwamba fedha zielekezwe kwanza kwa malaria. Hoja yao ina uzito, lakini ina ufa: malaria huhesabiwa kwa kuwa hupimwa, ilhali influenza isiyopimwa haingii katika hesabu, na kisichohesabiwa hakitengewi fedha.

Hitimisho

Imebainika kwamba chanjo ya influenza ina faida, ijapokuwa si kamili na si sawa kwa kila mtu. Imebainika pia kwamba dalili pekee hazitoshi kuutambua ugonjwa huu, hususan katika ukanda wenye malaria nyingi. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mama wa Kondele hafichi maradhi ya mwanawe. Amenyimwa kipimo cha kuyabaini na jina la kuyaitia. Kipimo ni jukumu la wizara na hospitali. Jina ni jukumu la wanaofundisha, wanaotafsiri na wanaotangaza kwa Kiswahili, ili bango la kliniki linapoandikwa "homa," msomaji ajue ni homa ipi.