Usiitupe Themostati

Probox iliyojaa abiria hukimbia bila shida kutoka Kisumu hadi Ahero, kwa kuwa nchi ni tambarare. Taabu huanza baada ya Awasi, barabara inapopanda kuelekea Kericho. Mshale wa joto unasimama, mvuke unafuka kwenye boneti, na jirani mjuaji anamwambia mwenye gari: "Ng'oa themostati tu, itapoa." Ushauri huo ninaupinga kwa nguvu zangu zote.

Katika injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox nyingi za lita 1.5, themostati huyafungulia maji njia ya rejeta yakifika nyuzi 80 hadi 84. Ikitolewa, injini hukawia kupata moto. Kompyuta ya gari huhesabu kwamba injini bado ni baridi, ikazidi kumimina petroli. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni zikaanza kulika. Chanzo chenyewe hakijaguswa.

Mimi huanza na kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Kericho, kupita mita 2,000, huchemka karibu na nyuzi 93. Kifuniko kizima hubana maji kwa shinikizo ambalo huyazuia kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Mpira wake ukipasuka, kinga hiyo imekwisha: kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema, na papo hapo injini inavuta mzigo na kuzidisha joto. Themostati ina kosa gani hapo?

Baada ya kifuniko, tazama paipu, feni, na mapezi ya rejeta, ambayo huku kwetu hunasa matope na vijidudu vya ziwani. Usijazie maji yaliyotekwa Ghuba ya Winam. Yana tope na mwani, na hayana dawa ya kuzuia kutu iliyomo kwenye kulanti. Ukiendelea kuishuku themostati, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji motoni, na kipimajoto kando yake. Iliyo nzima itafunguka hata kabla maji hayajachemka.

Jihadhari na mshale pia. Maji yakiisha, kitambuzi hubaki hewani na mshale waweza kushuka. Dereva akifurahi na kukanyaga mafuta, silinda hedi ya alumini hupinda.

Hapo ndipo ufundi wa nyumbani huwa ghali. Kwa 1NZ-FE, upande wa hedi unaokaa juu ya bloku hauruhusiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, wembamba usiofika unywele. Jicho haliuoni, na gundi ya silikoni haiuzibi. Bolti zake 10 hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwanza kwa nguvu ya Nm 29, kisha kila moja robo mzunguko, halafu robo nyingine. Anayekaza kwa kukisia huacha pengo upande mmoja na kuvuta bolti kupita kiasi upande wa pili, na gasketi mpya huungua kwenye mlima uleule. Asiye na spana ya kupimia nguvu aipeleke hedi kwa fundi aliye nayo, pamoja na bolti zote, zipimwe urefu kabla ya kurudishwa.