Kusuluhishwa na aliyekupiga

Mume amempiga mkewe, majirani wameamulia, na baada ya siku mbili wote wanaitwa barazani. Mwenyekiti anauliza: "Haya, ugomvi wenu ni nini?" Swali hilo lina sauti ya busara, lakini tatizo limo humo humo. Aliyevunjwa jino amekwisha kuwa mgomvi, sawa na aliyelivunja.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila ikisema vinginevyo. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 101, inamtaka anayedai talaka apite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na aende mahakamani na hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Wapo wanaosamehewa hatua hiyo: kwa mfano, aliyetelekezwa na mwenzi asiyejulikana aliko, au ambaye mahakama imeridhika kwamba ana sababu za pekee. Kipigo hakikutajwa kwa jina.

Niliwahi kukaa benchi la nyuma katika baraza moja la kata. Mke aliulizwa kama amesamehe. Mume alikuwa ameketi karibu naye kiasi cha kugusana viwiko. Mama yule alitazama sakafu, akasema, "Yamekwisha, wazee." Akaweka dole gumba kwenye karatasi, wakaondoka pamoja. Shauri zima halikufika nusu saa, na wazee wale, watu wema kabisa, waliamini wamejenga nyumba.

Je, basi usuluhishi baada ya kipigo haufai kabisa? Wapo wanaosema hivyo, na wana hoja. Mkataba wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Istanbul mwaka 2011 unazitaka nchi wanachama wake zipige marufuku usuluhishi wa lazima katika mashauri ya namna hii. Neno la kushika hapo ni "wa lazima".

Austria, ambayo imo katika mkataba huo, inao usuluhishi wa hiari. Majaribio kwa watu wazima yalianza mwaka 1992, na tangu mwaka 2000 utaratibu umo katika sheria. Mwendesha mashtaka ndiye anayepeleka shauri kwa wasuluhishi waliosomea kazi hiyo, na makosa mazito hayapelekwi. Mume lazima kwanza akubali kuwajibika kwa alichofanya. Mke akikataa, jalada linarudi kwa mwendesha mashtaka.

Wanaanza kwa kuwatenganisha. Msuluhishi mwanamke anazungumza na mke, msuluhishi mwanamume anazungumza na mume, kila mmoja chumba chake. Hapo ndipo mke anapoulizwa yale asiyoweza kuyajibu mbele ya mumewe: unaogopa nini, unataka kubaki au kuondoka? Kisha wanakutana wote wanne. Wasuluhishi wanasimuliana yale waliyoambiwa, wenyewe wakisikiliza na kusahihisha. Mume anasikia habari ya mkono wake kutoka kinywa cha mwanamume mwenzake, na hawezi kumkatiza mkewe kwa kumtolea macho. Wengine huishia kuahidiana mapya, wengine huafikiana namna ya kuachana kwa amani, na yote mawili yanakubalika.

Tena, tangu mwaka 1997, polisi wa huko wana madaraka ya kumtoa mpigaji ndani ya nyumba, hata kama nyumba ni yake. Kwa hiyo mke anapokaa mezani anajua kwamba akisema "hapana" ana pa kulala. Bila hilo, sioni kama "ndiyo" yake ina uzito wowote.

Najua nitakachoambiwa: Austria ni tajiri, sisi hatuna maofisa ustawi wa kutosha hata kwa watoto. Ni kweli. Lakini kumsikiliza mke peke yake kwanza, na mjumbe mwanamke, kunahitaji chumba cha pili tu. Katika baraza lile nililohudhuria chumba cha pili kilikuwepo. Kilikuwa kimehifadhiwa mifuko ya saruji.