Mpole alifunga 17, nchi ikatetema na Mayele

MSIMU wa 2021/22 ulipomalizika, jina lililokaa kileleni kwenye orodha ya wafungaji wa Ligi Kuu Bara halikutoka Jangwani wala Msimbazi. Lilitoka Geita. George Mpole, straika wa Geita Gold, alikuwa na mabao 17. Fiston Mayele wa Yanga akabaki na 16.

Lakini nenda kijiwe chochote, iwe Kahama, Shinyanga mjini au Geita kwenyewe, uulize msimu ule ulikuwa wa nani. Wengi watakutajia Mayele.

Mayele alikuwa na vitu viwili ambavyo mwenzake hakuwa navyo. Cha kwanza ni jezi. Yanga ilibeba ubingwa bila kupoteza mechi, ikaikata Simba iliyoutwaa misimu minne mfululizo. Cha pili ni kutetema. Ushangiliaji ule uliigwa na watoto kwenye viwanja vya vumbi na wakubwa kwenye kumbi za harusi. Mpole alikuwa na mabao tu.

Na yalikuwa mabao ya kazi. Geita Gold ndiyo kwanza ilikuwa imepanda daraja, lakini ikamaliza ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Juni 2022, Mpole akaifungia Taifa Stars kwenye sare ya 1-1 na Niger, kufuzu Afcon.

Mambo haya hayapo Bongo tu. Mjapani Shinji Okazaki alikuwemo kwenye Leicester City iliyotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2016. Tikitaka yake iliiua Newcastle 1-0, ila sifa za msimu ule walizoa Jamie Vardy na Riyad Mahrez.

Anayebisha kwamba jezi ina nguvu amtazame Saido Ntibazonkiza. Mrundi huyo aliuanza msimu wa 2022/23 akiwa Geita Gold, katikati akahamia Simba. Alimaliza na mabao 17, sawa na Mayele, na mengine aliyafungia Geita. Leo akitajwa na msimu ule, anatajwa kama mfungaji bora wa Simba.

Kanda hii inalijua jambo hilo tangu zamani. Septemba 2018, Alex Kitenge wa Stand United ya Shinyanga aliitungua Yanga mabao matatu peke yake pale Taifa. Yanga ikashinda 4-3, stori ikawa ya Yanga.

Umaarufu si sifa tu, ni pesa. Mayele aliuzwa Pyramids ya Misri. Mpole akaenda Lupopo ya Lubumbashi, nchini kwao Mayele. Stand ilishuka, Mwadui ikashuka, na msimu wa 2023/24 ikawa zamu ya Geita Gold. Siku Yanga au Simba zilipotua huku, majukwaa yalijaa jezi za wageni, na wenye jezi hizo walikuwa wenyeji.

Dhahabu inachimbwa Geita. Inakong'ara ni kwingine.