Namna Malipo ya Muziki Yanavyoubadili Muziki Wenyewe

Wasikilizaji wengi hulalamika kuwa nyimbo za siku hizi zinafanana na huisha kabla mtu hajazizoea. Lawama huelekezwa kwa wasanii, ilhali sababu mojawapo kubwa ni namna muziki unavyolipiwa.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay, India, kurekodi taarab kwa ajili ya lebo ya His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua takribani dakika tatu, hivyo wimbo mrefu ulilazimika kukatwa. Biashara iliufupisha wimbo, lakini iliufikisha mbali.

Baada ya Uhuru, bendi nyingi za dansi zilimilikiwa na jumuiya na mashirika ya umma. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zilikuwa na wanamuziki wa kulipwa mshahara. Kwa kuwa hazikuishi kwa mauzo ya santuri, bendi hizo zilishindana ukumbini, na kila moja ilihitaji mtindo wake. Mlimani Park ilichukua jina la Sikinde kutoka ngoma ya Wazaramo. Katika rekodi za Redio Tanzania Dar es Salaam magita yalipewa muda wa kujibizana, na tarumbeta zikapata zamu yake. Hata hivyo mfumo huo haukuwa pepo: vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na wimbo uliopigwa redioni miaka nenda rudi haukumletea mtunzi kipato cha maana.

Leo kipimo ni kingine. Katika mtandao wa Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Mtunzi anayelijua hilo hathubutu kuanza na gita la dakika nzima, na mtayarishaji mmoja mwenye kompyuta ana gharama ndogo kuliko wapiga vyombo kumi. Ubunifu haujafa, kwani singeli imezaliwa mitaani Dar es Salaam katika mazingira hayo hayo. Aliyepoteza kazi ni mpiga tarumbeta.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, inamtambua mtunzi na pia mtumbuizaji. Wanabendi wanashauriwa kuandikiana mgawanyo wa mapato kabla ya kuingia studio, mpiga vyombo akiwemo.