Madini Joto, Foliki Asidi na Ubongo wa Mtoto

Mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu asiyesema aghalabu humwuliza tabibu ni vitamini gani itakayomfungua mwanawe ulimi. Na maadamu swali hilo latoka katika moyo wenye uchungu, yafaa lijibiwe kwa ukweli, ya kwamba vitamini na madini yana kazi adhimu katika kuumba ubongo, lakini kila kimoja kina wakati wake, na sehemu kubwa ya wakati huo hupita mtoto angali tumboni.

Tutazame madini joto, ambayo mja mzito huhitaji mikrogramu 250 tu kwa siku: kwayo tezi iliyo shingoni hutengeneza homoni ziongozazo seli changa za ubongo kushika mahali pake na kuungana, na katika miezi mitatu ya mwanzo mtoto hana homoni ila za mamaye. Ndiyo sababu katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako mvua imeyaosha madini hayo udongoni tangu dahari, rovu lilienea, na wakazaliwa watoto viziwi na wazito wa kujifunza, hata katika miaka ya 1980 vikagawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na baadaye chumvi ya kula ikaamriwa kutiwa madini hayo.

Foliki asidi, ambayo ni vitamini, nayo ina saa yake: mfereji uzaao ubongo na uti wa mgongo hufumbika kadiri ya siku 28 baada ya mimba kutungwa, mama pengine hajajitambua, na uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulidhihirisha kwamba waliokwisha kuzaa mtoto wa mgongo wazi, wakiimeza kabla ya mimba nyingine, hatari ya kurudiwa hupungua kwa asilimia 72.

Ama usonji, ambao pengine ndio umzuiao mtoto kusema, hakuna vitamini iliyothibitika kuuponya. Mtoto aliyepungukiwa na madini ya chuma atibiwe, kwani upungufu huo hudhoofisha akili. Bali kumpa vitamini A au D pasi na kipimo ni kumdhuru, kwa kuwa hulimbikizana mwilini.

Basi chumvi yenye madini joto na iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, itiwe chakula kikaribiapo kuiva; atakaye yakini, tone la dawa ya kupimia huigeuza rangi ya buluu. Na jukumu hili asitwishwe mama peke yake, bali mume, mwenye kiwanda cha chumvi na serikali washiriki sawasawa, kwani ubongo uliokosa haki yake tumboni haulipwi baadaye kwa vidonge.