Injini Haisahau Kazi Yake ya Kwanza

Ndugu msikilizaji, vijana wanaopenda kuchokora vyuma huniuliza mara kwa mara: je, injini ya mashine ya kukatia nyasi yaweza kuendesha kigari cha mchezo, kile kiitwacho gokati?

Jibu ni ndiyo, wala si jambo geni. Mwaka 1956, kusini mwa California nchini Marekani, fundi wa magari ya mashindano aitwaye Art Ingels, akisaidiwa na Lou Borelli, aliunga mabomba ya chuma na kuyafungia injini ya kukatia nyasi. Kigari hicho ndicho kinachohesabiwa kuwa gokati ya kwanza. Baadaye, huko Brazil, baba mmoja alimuundia mwanawe wa miaka minne kigari chenye injini ya namna hiyo hiyo, ya nguvu farasi moja tu. Mtoto huyo alikuwa Ayrton Senna, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1988, 1990 na 1991.

Basi inawezekana. Lakini kabla hujachukua spana, elewa jambo moja: injini haisahau kazi yake ya kwanza.

Mashine nyingi za nyasi zina kisu kinachozunguka chini kama feni. Kwa hiyo shafti ya injini inatazama ardhi, na oili hukaa chini yake. Ukiilaza injini ya mipigo minne ili shafti itazame gurudumu, oili itakimbilia kusikotakiwa, petroli itamwagika kwenye kabureta, na punde injini itanoki, kama mafundi wasemavyo. Iache imesimama na utumie giya ya kugeuza mzunguko, au tafuta injini ambayo shafti yake imelala tangu kiwandani, kama zile za pampu za maji.

Pili, kile kisu hakikuwa cha kukata tu. Katika mashine nyingi uzito wake ndio uliosaidia injini kuzunguka sawasawa. Ukikiondoa bila kuweka uzito mwingine, injini yaweza kurudi nyuma unapoivuta kamba, ikakunyang'anya kamba hiyo na kukuumiza vidole.

Tatu, injini hii ilizoea mwendo mmoja, aghalabu mizunguko 3,600 kwa dakika. Gurudumu dogo la gokati husogea kama sentimita 80 kila likizunguka. Ukiunganisha moja kwa moja, injini itashindwa hata kukiondoa kigari mahali pake. Lakini weka giya ya meno 10 kwenye injini na ya meno 60 kwenye ekseli, uziunge kwa mnyororo. Mwendo unagawanywa kwa sita, nguvu ya kusukuma inaongezeka, na kigari kinafikia kilometa 29 kwa saa. Ongeza klachi inayoshika yenyewe injini ikipandishwa, na kuachia ikishushwa.

Sasa nafika panaponitia hofu. Ndani ya injini hiyo mna kidhibiti mwendo. Ndugu zangu wa Kenya watakumbuka matatu zilipowekewa vidhibiti mwaka 2004, mwisho kilometa 80 kwa saa, na jinsi baadhi ya madereva walivyovichezea. Kijana naye hushawishika kukiondoa hiki ili kigari kikimbie zaidi. Asithubutu! Vyuma vya ndani vilipimwa kwa ule mwendo wa nyasi. Vikizidishiwa, konrodi yaweza kukatika na kutoboa ganda la injini, na injini hiyo iko nyuma tu ya mgongo wa mtoto.

Tena, mashine ya nyasi haikuhitaji breki ya kusimamisha mtu. Kilometa 29 kwa saa ni mita 8 kila sekunde: hujamaliza kusema "simama", ukuta umefika. Kwa hiyo breki ya ekseli si pambo. Wala swichi ya kuzima injini si pambo. Iwe mahali mkono unapofika bila kutafuta. Mnyororo ufunikwe kwa bati, maana ncha ya leso au suruali pana ikinaswa haitoki kwa upole. Ekzosi nayo ikingwe. Kofia ngumu ivaliwe, na uwanja uwe umefungwa, si barabara.

Mzazi au mwalimu anayeletewa kigari kilichokamilika asiulize kwanza kinakimbia kiasi gani. Akiinue magurudumu ya nyuma, kiwashwe, kisha abonyeze swichi aone kama kinazima papo hapo. Baada ya hapo akisukume kwa mkono, mwingine akanyage breki. Kikikataa kusimama kikisukumwa, kisiwashwe mtoto akiwa juu yake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.